Nani Atengenezewe Kwanza? Maneno kwa Wajumbe Wapya wa Bodi ya Maji ya Mji

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wajumbe mlioteuliwa, meneja na watendaji wako, na ninyi mafundi wa maji safi na majitaka mliokaa nyuma kule. Ningefurahi kama mngesogea mbele, maana mengi nitakayosema leo nimejifunza kwa watu wa kazi yenu.

Nimeombwa nizungumzie wajibu wa bodi katika matengenezo ya mfumo wa maji na majitaka. Wajibu wenyewe umeandikwa kwenye kanuni mlizokabidhiwa, sitausoma tena hapa. Nitasema jambo moja ambalo kanuni hazilitamki waziwazi, nalo ndilo litakalowanyima usingizi. Fedha hazitatosha kutengeneza kila kilichoharibika. Kwa hiyo kila mwaka, na wakati mwingine kila wiki, ataamua mtu nani atengenezewe kwanza na nani asubiri. Nawasihi mtu huyo awe ninyi, mkiwa mmekaa kikao, mkiwa na taarifa mkononi. Bodi isipopanga foleni, foleni hujipanga yenyewe: anatangulia mwenye namba ya simu ya meneja, au anayepiga kelele zaidi, au linaamua bomba lenyewe litakapopasuka.

Kupanga kunataka kujua, na shida inaanzia hapo, kwa sababu mali mliyokabidhiwa imefukiwa. Jengo bovu linaonekana paa lake. Barabara mbovu kila apitaye anaijua. Bomba linahesabiwa zima mpaka asubuhi ile watu wanapoamka na kukuta lami imetitia.

Nimekuja na kipande hiki, naomba mpitishiane. Ni bomba la chuma la inchi nne lililotolewa ardhini baada ya miaka mingi ya kazi. Litazameni kwanza kwa nje: rangi imetoka, lakini chuma bado kina uzito wake. Sasa chungulieni ndani. Hayo madonge ya kahawia ni kutu na chokaa vilivyojengeka tabaka juu ya tabaka, na nafasi iliyobaki katikati inapitisha kidole gumba kwa shida. Waliokuwa mwisho wa laini hii walilalamika kwa miaka kwamba maji hayafiki, wakajibiwa kuwa presha ya mji ni ndogo. Presha ilikuwepo, ila njia ilikuwa imezibwa. Halafu angalieni hizo klampu mbili, hazijaachana hata shubiri. Mvujo wa kwanza ulibanwa, maji yakatafuta udhaifu wa jirani, fundi akaitwa tena. Kila safari iliandikwa ofisini kuwa kazi imekamilika, na kweli ilikuwa imekamilika. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka safari hizo mbili pamoja na kusema: bomba hili limechoka, tuache kulitia viraka.

Ndiyo maana kitu cha kwanza nitakachowaomba hakina gharama kubwa. Kila shimo linapochimbwa, kabla halijafukiwa, fundi aandike nusu ukurasa: mahali, tarehe, kina, aina ya bomba na kipenyo chake, hali ya udongo, na chanzo cha uharibifu kadiri anavyokiona. Karatasi hizo zihamishiwe kwenye ramani. Baada ya misimu michache ramani itaanza kusema. Mtaona mtaa mmoja una alama chungu nzima huku mtaa wa jirani hauna hata moja, na mara nyingi sababu itakuwa ileile: mabomba ya kundi moja, yaliyolazwa mwaka mmoja, pengine na mkandarasi mmoja ambaye hakuweka mchanga chini ya bomba akaliacha likae juu ya mawe.

Lakini miji mingi ramani yake imo kichwani mwa fundi mmoja wa siku nyingi. Yeye ndiye anayejua kwamba valvu ya kufungia sehemu ile imefunikwa na lami, hatua kumi kutoka kona. Anayejua kwamba bomba lililochorwa kwenye mchoro wa zamani halikulazwa hapo, lilipindishwa kukwepa mwamba. Fundi huyo akistaafu, mji unapoteza kitu ambacho hakuna zabuni itakayokirudisha. Mkae naye sasa. Mtembee naye njia zote, kijana wa vipimo akiwa pembeni anaandika.

Na valvu zenyewe zizungushwe. Nalitaja kwa sababu halimo kwenye hotuba za wakubwa, ilhali linaamua mambo makubwa. Valvu isiyoguswa kwa miaka hukwama. Siku bomba linapopasuka, fundi anafika, anaikuta haifungi, anarudi nyuma kutafuta nyingine, nayo haifungi, mwisho mnafunga nusu ya mji kwa ajili ya kukarabati mtaa mmoja. Kuizungusha kila valvu walau mara moja kwa mwaka ni kazi ya watu wawili wenye ufunguo na daftari.

Sasa tuje kwenye mivujo, maana hapa ndipo macho yanapodanganya zaidi. Bomba kuu likipasuka, maji yanaruka juu, watu wanapiga picha, meneja anapigiwa simu na kila mtu. Tuseme linamwaga lita tano kwa sekunde na mafundi wanalidhibiti baada ya saa sita. Zimepotea lita 108,000. Ni nyingi, na pongezi kwa mafundi zinastahili. Sasa chukueni tundu la milimita tatu tu kwenye bomba lenye presha ya kusukuma maji hadi kimo cha mita 40. Tundu hilo linatoa kama lita 10,000 kwa siku. Likiwa kwenye udongo wa kichanga, maji yanazama na hakuna anayeyaona. Likikaa miezi sita bila kugunduliwa, limekunywa lita zaidi ya milioni moja na laki nane. Hizo ni zaidi ya mara kumi na sita ya lile tukio la picha na simu. Na matundu ya namna hiyo hayako moja.

Kwa hiyo bodi isitosheke na swali la mivujo mingapi imezibwa mwezi huu. Muulize pia ilivuja kwa muda gani kabla hatujajua. Hapo ndipo maji yanapokwendea.

Kuna kipimo kimoja ningependa kila mjumbe akijue kama anavyojua tarehe ya kikao. Kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wamelala, matumizi halali ni madogo sana. Maji yanayoendelea kuingia mtaani saa hizo, ukiondoa wachache wanaofanya kazi usiku na matangi yanayojaa, kwa sehemu kubwa ni uvujaji. Mkigawa mji katika maeneo, kila eneo likawa na njia moja ya kuingizia maji yenye mita, mtaweza kulinganisha eneo na eneo kila usiku. Eneo ambalo kiwango chake cha usiku kimepanda ghafla ndilo la kupelekewa fundi mwenye kifaa cha kusikilizia, atembee taratibu kabla magari hayajaanza kelele, akiweka kifaa chake juu ya valvu moja baada ya nyingine. Fundi mwenye sikio lililozoea anautofautisha mlio wa mvujo na mlio wa mtu anayejaza ndoo. Nimewahi kusimama kando ya mtu wa namna hiyo akapiga chaki ardhini na kusema chimbeni hapa, na tukakuta pale. Watu hawa wathaminiwe.

Presha nayo ni chombo cha matengenezo, ingawa wengi huiona kama zawadi kwa wateja. Ikizidi, kila tundu linatoa zaidi na maungio yanachoka mapema. Mwaka 2001 na 2002 huko Khayelitsha, Cape Town, walifunga valvu za kupunguza presha kwenye mabomba makuu yanayoingia eneo hilo, hasa kwa ajili ya usiku, kwa kuwa maji mengi yalikuwa yakivuja kwenye vyoo na koki za majumbani. Uokoaji wa maji ulikuwa mkubwa mno, na hakuna mtaro mrefu uliochimbwa. Jambo kama hilo liwe juu kwenye foleni yenu, hata kama halina utepe wa kukata siku ya uzinduzi.

Nikitoka kwenye presha siwezi kuukwepa mgao. Miji mingi inatoa maji kwa zamu, na ninaelewa sababu zake. Ila wajumbe wajue kinachotokea ndani ya bomba lililoachwa tupu. Linapokuwa limejaa maji yenye presha, tundu linatoa nje. Linapokuwa tupu, au maji yanapoondoka kwa kasi kuelekea bondeni, tundu lilelile linavuta ndani chochote kilichopo nje yake. Na nje yake, kwenye mtaa wenye bomba la majitaka lililopasuka, mnajua kuna nini.

Hapo ndipo maji safi na majitaka yanapokuwa jambo moja, hata kama idara zake ziko majengo mawili na bajeti mbili. Wengi wenu mmesikia habari ya London mwaka 1854, ugonjwa wa kipindupindu mtaa wa Broad Street, na daktari John Snow aliyeshawishi viongozi wa parokia waondoe mpini wa pampu ya kisima. Zaidi ya watu 600 walikufa katika mlipuko ule. Mpini unatajwa sana, na unastahili. Kinachotajwa kidogo ni kilichogunduliwa mwaka uliofuata walipochimba. Shimo la majitaka la nyumba ya jirani lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yamelegea na kuoza. Maji machafu yalikuwa yakipenya taratibu. Na mchungaji wa eneo hilo, Henry Whitehead, alikuwa amefuatilia nyumba hadi nyumba na kumkuta mtoto mchanga aliyeugua mapema, ambaye maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa kwenye shimo hilohilo. Kwa hiyo chini ya mkasa ule wote kuna ukuta wa matofali uliohitaji ukarabati na ambao hakuna aliyeufungua kuutazama. Nikiwa mjumbe wa bodi, hilo ndilo ningelikumbuka.

Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo kadhaa ya Marekani hutaka bomba la maji safi likae mbali na la majitaka kiasi cha mita tatu kwa upana, na pale yanapokatizana, la maji safi ikiwezekana lipite juu, nafasi kati yao isipungue kama sentimita 45. Mji mkongwe hauwezi kubomoa kila kitu kwa ajili hiyo. Unaweza, hata hivyo, kuweka alama kwenye ramani kila mahali mabomba hayo mawili yanapokutana, na kuzipa sehemu hizo kipaumbele. Bomba la majitaka linalovuja likiwa peke yake uwanjani ni tatizo. Likivuja juu ya bomba la maji safi linalopata mgao, ni hatari ya leo.

Majitaka yanadharauliwa kwenye bajeti, niseme wazi. Mteja akikosa maji anapiga simu siku hiyohiyo. Mteja ambaye bomba lake la majitaka linavujia chini ya nyumba ya mwenzake hajui lolote. Zaidi ya hapo, bomba la majitaka halina presha inayolisaidia. Linategemea mteremko, na maji yapite kwa kasi isiyopungua kama sentimita 60 kwa sekunde ili yasukume mchanga na uchafu. Udongo ukititia kidogo, mteremko unapotea, uchafu unatua, mafuta yanaganda juu yake, matambara yananasa, mizizi inaingia kwenye maungio ikifuata unyevu. Hewa ya sulfidi inayopanda kutoka kwenye maji yaliyotuama hugeuzwa na bakteria kuwa asidi kwenye dari ya bomba la zege. Bomba linaliwa kutoka juu, upande ambao maji hayafiki, na siku dari inapoanguka, barabara inaifuata.

Muulizeni fundi wa majitaka chemba zinafurika lini. Chemba inayofurika wakati wa mvua tu inawaambia kuwa maji ya mapaa na ya uani yameunganishwa humo, au mabomba yana nyufa zinazoingiza maji ya ardhini. Chemba inayofurika wakati wa kiangazi ina kizuizi, au bomba limevunjika mbele yake. Ugonjwa ni tofauti, na dawa ni tofauti. Kutuma gari la kuzibua kila mara bila kuuliza swali hilo ni kutoa fedha kila mwezi na kubaki palepale. Mahali palipozibuliwa mara tatu mwaka mmoja pafanyiwe ukaguzi kwa kamera kabla ya safari ya nne.

Na malalamiko ya wananchi yasichukuliwe kuwa usumbufu. Tarehe 22 Aprili 1992, mjini Guadalajara, Mexico, mifereji ya majitaka ililipuka na kupasua mitaa kwa kilomita kadhaa. Zaidi ya watu 200 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa bomba la mafuta la chuma lilikuwa limetobolewa na kutu, kwa sababu bomba la maji lililolazwa karibu lilikuwa limeligusa na metali hizo mbili zikaanza kulana, petroli ikaingia kwenye mfereji wa majitaka. Wakazi walikuwa wameshatoa taarifa ya harufu ya petroli kwenye mifereji siku kadhaa kabla. Walikuja wakaguzi, wakapima, na watu hawakuhamishwa. Kila ninaposoma habari hiyo najiuliza ni nani alikuwa na mamlaka ya kusema ondokeni, na kama alijua kuwa mamlaka hayo ni yake. Ninyi mjue mapema, kwa maandishi, ni nani katika mji wenu anayeruhusiwa kufunga maji, kufunga barabara, na kuwaambia watu wasinywe.

Hilo linanipeleka kwenye mkasa ambao naona kila bodi ya maji duniani ingepaswa kuusoma kikao cha kwanza.

Walkerton ni mji mdogo katika jimbo la Ontario, Kanada, wa watu kama 5,000. Maji yake yalisimamiwa na tume ya wananchi waliochaguliwa, watu wa kawaida, wenye nia njema, kama ninyi. Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikasukuma bakteria kutoka kwenye samadi ya shamba la jirani hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Klorini iliyokuwa ikiwekwa haikutosha. Watumishi waliokuwa wakiendesha mitambo walikuwa na desturi ya miaka ya kuandika vipimo ambavyo hawakuvipima. Watu saba walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua, yaani karibu nusu ya mji.

Jaji Dennis O'Connor aliongoza uchunguzi na kutoa taarifa yake mwaka 2002. Wajumbe wa tume hawakuwa wakijua kuhusu vipimo vya uongo. Lakini mwaka 1998 ripoti ya ukaguzi wa serikali ilikuwa imewafikia, ikieleza kasoro za uendeshaji na mashaka juu ya ubora wa maji. Wakaipokea. Meneja akawahakikishia kuwa yatashughulikiwa. Wakamwamini, wakaendelea na ajenda nyingine. Jaji alisema waliokuwa kwenye tume mwaka huo walishindwa kuishughulikia ripoti ile ipasavyo.

Naomba tukae hapa kidogo. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyetaka mtu adhurike. Kulikuwa na karatasi mezani, na kulikuwa na mtu mwenye uzoefu akisema msiwe na wasiwasi. Mjumbe ambaye si mhandisi anaona haya kuuliza zaidi, anahofia kuonekana hajui. Ndugu zangu, mmeteuliwa muulize. Si lazima mjue kemia. Inatosha kusema: ripoti hii ina hoja saba, nani anashughulikia kila moja, itakamilika lini, na tutaonyeshwa nini kama ushahidi? Hoja isiyofungwa irudi kikao kijacho, na kinachofuata, mpaka ifungwe. Na siku moja moja, bila taarifa, nendeni koki ya mwisho ya mtaa wa mbali, fundi apime klorini mbele yenu. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapochotea. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache, rangi inabadilika mkiwa mmesimama hapo. Daftari likisema 0.5 kila siku kwa mwaka mzima, tarakimu ileile bila kupanda wala kushuka, fundi mzuri atawaambia maji ya kweli hayana tabia hiyo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa sababu mtasikia mengi kutoka kwa mhasibu. Tuseme mji una kilomita 120 za mabomba, na bomba la wastani linadumu miaka 60. Ili kwenda sawa na uchakavu, lazima mbadilishe kilomita mbili kila mwaka. Mkibadilisha nusu kilomita, hamjaokoa fedha yoyote, mmewarithisha deni watakaokaa kwenye viti hivi baada yenu. Fungu la kubadilisha mabomba liwe peke yake, lisichotwe kulipia gari wala safari, na mkilazimika kulipunguza, kumbukumbu za kikao ziandike nani alipendekeza na kwa nini.

Na mtu asiwaambie kwamba mji maskini hauwezi. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulitoka kwenye vita na uharibifu ambao wengi wetu hatuwezi kuuwaza. Mwaka 1993, Ek Sonn Chan alipokabidhiwa shirika la maji la mji huo, asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa yalikuwa yakipotea au hayalipiwi. Ndani ya miaka kama kumi na mitano upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6, na maji yakawa yanatoka saa 24. Walifunga mita kwa kila mteja, walisafisha daftari la wateja, walibadilisha mabomba, waliweka vikosi vya kutafuta mivujo usiku na mchana, na walidai malipo kwa wote, wakiwemo wenye vyeo na ofisi za serikali. Ninaamini hilo la mwisho ndilo lililoyawezesha mengine. Mwananchi akiona mkubwa analipa, analipa. Akiona mkubwa halipi, hakuna tangazo litakalomshawishi.

Kuna fungu moja ambalo sitaki liingie kwenye mjadala wa kupunguza. Ni la usalama wa mafundi wanaoshuka kwenye chemba. Hewa ya sulfidi inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, mtu anadhani imetoweka. Anaanguka. Mwenzake aliyeko juu anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Vifo vya namna hii hutokea sehemu nyingi za dunia, na mara nyingi ni vya wawili au watatu kwa sababu hiyohiyo ya upendo wa kikazi. Asishuke mtu bila kipima hewa, bila kupitisha hewa safi kwanza, bila mkanda na kamba iliyofungwa kwenye kifaa cha kuinulia, na bila mtu wa juu ambaye kazi yake ni kubaki juu. Vifaa visipokuwepo, kazi isifanyike siku hiyo, hata kama chemba inafurika mbele ya ofisi yenu. Meneja asimwagize fundi kinyume cha hapo, na fundi anayekataa asiadhibiwe. Pitisheni azimio hilo kwenye kikao chenu cha kwanza, na nakala ibandikwe kwenye gari la kazi.

Turudi kwenye foleni. Mkiisha kuipanga, iandikeni na muibandike mahali watu wanapolipia bili. Mtaa, kazi inayotakiwa, nafasi yake kwenye orodha, sababu ya kuwa hapo. Mtatukanwa, nawaambia ukweli. Aliye nafasi ya ishirini atauliza kwa nini si ya pili. Lakini atakuwa na kitu cha kubishana nacho. Pengine ataleta taarifa msiyokuwa nayo: kwamba mtaani kwake maji yananuka kila baada ya mgao, kwamba watoto wameugua. Mkipata taarifa ya namna hiyo, pimeni, na ikithibitika msogezeni mbele, muandike na sababu ya kumsogeza. Anayesogezwa bila sababu iliyoandikwa ndiye anayeiua orodha, na baada ya hapo hakuna atakayeiamini, hata mafundi wenyewe.

Yule wa mwisho kabisa aelezwe kuwa ni wa mwisho. Mjumbe aende mwenyewe mtaani kwake, asimtume karani, amwambie mwaka unaotarajiwa na nini kitafanywa kwa sasa ili awe salama akisubiri: kupimwa maji yake mara kwa mara, kuoshwa kwa laini, valvu ya mtaa kuwekwa sawa.

Mafundi wamekubali kubaki nasi saa nzima. Naomba maswali yenu muanze kuwauliza wao, mimi nitajibu yatakayobaki.